Upanga Usiojua Kusifu

Upanga wa babu Mwinyikondo ulilala juu ya kabati,
Ngamiani, barabara ya kumi na mbili,
kati ya kifuniko cha cherehani na kapu la vyeti vya shule
ambavyo hakuna aliyerudi kuviulizia.
Ala yake ngozi ya nyati, imekakamaa.
Mpini pembe, umelainishwa na viganja vya watu watatu,
na wote watatu tumekwisha wasomea arobaini.

Tuliambiwa: usichomolewe ovyo.
Panga nyingine hukata; huu husema.
Ukitoka alani hutaja kila ulichokigusa,
cha kwanza hadi cha mwisho, wala hauruki,
na aliyeushika hana ruhusa hata ya kukohoa.

Mjomba Mbwarali alileta mnunuzi,
mtu wa Moshi, pama kichwani, mkoba wa ngozi bandia.
Akamketisha, akamwagia kahawa, akamwagia na vita:
mwaka ule wa Mjerumani na Mwingereza,
babu peke yake, risasi kama mtama kwenye ungo,
na kwa pigo moja, moja tu, bwana,
akauangusha mzinga.

Mzinga! Tulikua na neno hilo kama watu wanavyokua na uji.
Tuliliona gurudumu lake, mdomo wake mweusi, moshi.
Mimi niliuandikia insha darasa la sita,
nikapewa kumi na nane kwa ishirini.

Shangazi Mishi alikuwa anachagua choroko.
Hakusema neno.
Aliweka ungo chini, akapanda kigoda,
akaushusha,
akavuta.

Haikuwa sauti ya radi.
Ilikuwa ya mtu mwenye kifua, anayeamshwa alfajiri:

    Mimi chuma cha relini,
    sikufuliwa vitani,
    nilikata mkongeni
    majani yasohesabu.

    Ama siku ya vishindo
    bwana wangu Mwinyikondo
    alijikunja mafundo
    juu mtini, kwa tabu.

    Nikakata, bila kinga,
    kamba ya ule mzinga,
    nyuki wakatanda anga;
    sikuua mtu, babu.

    Nilikata na kitovu
    cha Mishi, usiku mwovu,
    na taa haina nguvu;
    akalia taratibu.

Kimya. Choroko moja ilibingirika hadi mlangoni.

Mnunuzi alifunga mkoba wake kwa adabu.
Mzinga wa nyuki, alisema, hauna wateja,
na kitovu ndiyo kabisa.
Mjomba alimfuata hadi barazani,
nikamsikia akishusha bei, akiipandisha,
akiapa kwamba chuma kimezeeka, kimechanganyikiwa,
na hatimaye akiomba nauli.

Nami nilibaki nikiwaza:
babu hakutudanganya.
Alisema mzinga, na mzinga ulikuwa.
Sisi ndio tuliouwekea magurudumu.

Shangazi aliupitisha ubapa puani mwake,
taratibu, kama anayenusa shingo ya mtoto aliyetoka kuogeshwa.
"Bado una asali," akasema.
Sijui. Sikunusishwa.

Juu ya kabati haukurudi tena.
Kesho yake niliukuta uani, umeegeshwa kwenye pipa la maji,
Shangazi ameukatia mkungu wa ndizi,
utomvu umeganda kwenye makali.
Nikaangalia huku na huku.
Nikaweka kidole, kidogo tu, hata damu haikutoka.

Miaka imepita, naishi Chumbageni, nina funguo zangu.
Lakini usiku mwingine hujiuliza
siku atakapouchomoa mwingine, mbele ya watu,
ukafika baada ya kitovu, baada ya ndizi,
ukavuta pumzi ile ya kutu,
utanitaja kwa jina gani,
na kama utasema
niliugusa kwa mapenzi
au nilikuwa napima bei.