Transfoma Iliyokatwa Mkia

Neno la leo, alisema Mwalimu Ambakisye,
ni transfoma iliyokatwa mkia.
Akaliandika ubaoni kwa Kiingereza,
chaki ikakwaruza,
ukungu wa Kidabaga ukaingia dirishani
kama mwanafunzi aliyechelewa.

Madeha akasema: kubadilika.
Mwalimu akavua koti la mvua,
akalivaa tena, ndani nje.
"Nimebadilika?"
Tukacheka. Yeye hakucheka.

Kugeuka, akasema Tulizo.
Akasimamishwa mbele. Nyuma... geuka!
Tulizo akatupa kisogo,
kaptula ile ile, kiraka kile kile,
Tulizo yule yule anatazama ubao.

Kupinduka, nikasema mimi,
maana wiki ile lori la mjomba Kihwele
lilikuwa limelala miguu juu Kitonga,
na viazi vya kijiji kizima
vimeteremka mlima bila dereva.
Mwalimu akanyamaza kidogo.
"Lori lililopinduka ukiliinua ni lori.
Mimi natafuta kile ambacho
ukikiinua
hukikuti."

Kengele ikalia. Neno likabaki ubaoni.

Nikampelekea bibi Sekalinga.
Kiingereza hakujua, alijua mianzi.
Alfajiri alishusha mtogwa, mtamu,
sisi watoto tukanywa kwa zamu.
Jioni kibuyu kile kile tulikatazwa kukigusa.
"Asubuhi maji ya mti, sasa hivi ugomvi,
na hakuna aliyetia kitu.
Haya, urudishe mwanzini."
Sikujua kama ananijibu
au anamsema babu.

Lakini transfoma yenyewe tuliijua.
Mwaka ule waliipandisha juu ya nguzo mbili,
pipa la kijivu lenye masikio ya kaure,
na fuvu la kichwa limechorwa chini yake
tusije tukapanda.
Mashine ya baba, ya dizeli,
iliyokuwa ikiamsha majogoo,
ilinyamaza Jumanne moja, bila matanga.
Baba akaenda kusimama chini ya nguzo,
unga wa mwisho ungali kwenye nyusi,
akamuuliza fundi: hii kazi yake nini hasa?
"Inapunguza, mzee.
Umeme ulioko kwenye waya ule
ukikujia ulivyo unakuua.
Hapa unapunguzwa, unapunguzwa,
hadi uweze kukaa na watu."
Inapunguza.
Baba alilirudia hilo njia nzima.

Miaka ishirini na miwili.
Niko Iringa mjini, juu ya duka la mabati,
natafsiri, nalipwa kwa ukurasa.
Mradi wa parachichi umeleta kipeperushi
na neno ni lile lile, limevaa wakati ujao:
maisha ya mkulima yata—

Yatabadilika. Nimefuta. Koti.
Yatageuka. Kiraka cha Tulizo.
Yatapinduka, Mungu apishie mbali.
Nikafungua kamusi: kuumbika, kuumbuka,
irabu moja tu
kati ya ufundi na aibu.

Nikampigia mama, nikamsomea kote.
Alisikiliza mpaka mwisho, kuku wakigombana nyuma yake.
"Maisha yangu," akauliza,
"yamewakosea nini?"

Kisha akaniambia habari ya baba:
siku hizi anashinda banda la mashine,
anafuga nyuki humo,
mzinga mmoja ndani ya kinu chenyewe.
Ukipita usiku, anasema mama,
kunavuma, na hujui
ni nguzo
au ni yeye na wadudu wake.

Nimeacha pengo kwenye ukurasa,
upana wa neno moja.
Saa kumi wanakuja kuuchukua.