Mizani Nane

Novemba, ghala la chama, Kitangari.
Ukungu wa Newala bado umelalia mabati
na magunia yamepanda mpaka dirisha limeziba.
Bwana Sukumaran, mkaguzi wa ubora, mtu wa Kollam,
anapasua korosho kwa kisu kifupi, moja moja.
Vidole vyake vimebabuka kwa mafuta ya maganda
kama vya mama zetu.

Kiswahili chake amekiokota humu humu ghalani:
anajua unyevu, daraja, lumbesa, kesho,
na tusi moja la Kimakonde analodhani ni salamu.

"Kwetu," anasema, bila kuinua macho,
"wazee wa zamani sana waliuliza:
kwa nini watu wakubali kutawaliwa?
Wakajijibu: tazama samaki.
Pasipo fimbo, mkubwa anammeza mdogo.
Mfalme analipwa kodi ashike fimbo,
wadogo wapate usingizi."

Nikacheka. Bwana, huku juu
hata maji tunanunua kwa ndoo.
Samaki wetu wanapanda na pikipiki, wakavu,
vichwa vimeshaliwa njiani.

Ila neno lilinikwama kama mwiba.

Februari, njaa ikiwa na ufunguo wa kila nyumba,
Bi Somoe Mtipula aliuza korosho
ambazo hazijatoa hata ua.
Kangomba. Debe mbili za mahindi kwa gunia.
Nani alimmeza? Si papa.
Ni Chande, mtoto wa dada yake, mwenye deni la bodaboda,
ambaye naye yumo tumboni mwa mtu wa Masasi,
ambaye naye yumo tumboni mwa mtu
tunayemjua kwa namba ya simu tu.

Fimbo nayo ilikuja. Mgambo walifunga barabara,
wakamkamata Chande na kilo arobaini.
Yule wa namba ya simu alituma pole.

Nikamrudia Sukumaran: wazee wenu walisemaje
juu ya fimbo inayochagua mgongo?
Akapasua korosho. Nyeusi ndani. Akaitupa.
"Walisema mengi," akajibu. "Walifika mpaka
kwenye namna ya kuwachunguza makarani."

Makarani.
Hapa karani ni mimi.

Kila gunia nakata kilo moja, naandika: unyaufu.
Korosho hunyauka, kweli,
ila hainyauki kuelekea mfukoni mwangu.
Na siku ya ushirika nilisimama mbele ya watu,
nimevaa koti la kuazima, nikaghani:

    Mizani haina ndugu, haijui mwenye cheo,
    Haipimi kwa vurugu, hupima jasho la leo,
    Si ya mjanja na sugu, haihongwi kwa kileo,
    Haki yetu ni mizani,

Walipiga makofi mapema, sikumalizia.
Tangu hapo nusu ya mwisho nimeisahau.
Ubeti umepungua mizani nane
na hakuna aliyewahi kunidai.

Leo Bi Somoe ameleta kilichobaki baada ya Chande:
gunia moja, limeshonwa kwa kamba ya katani.
Amelipandisha mwenyewe, amekataa kusaidiwa.
Mshale unayumba, unatulia
themanini na moja.

Nyuma yangu kisu kimenyamaza.
Bi Somoe hautazami mshale.
Anatazama kalamu.