Lumbesa

Juni, Uyole. Ukungu umekaa juu ya mashamba ya viazi
kama mdai aliyefika na bado hajasema.
Kwenye ofisi ya ushirika kuna jiko la mkaa, kuna mimi,
kuna Ambakisye na makoti yake mawili,
kuna programu yetu ya kupima mazao:
imekwisha tangu Jumanne na haina cha kuvaa.

Inajumlisha. Haimezi hata kilo.
Sasa tunabishana namna ya kuifunga.

Ambakisye anataka iende nyepesi,
megabaiti nne, barua tu;
maktaba inazozitegemea ikaziombe huko huko iendako.
"Siku hizi mtandao upo."
Namtazama. Jana alipanda juu ya tangi la maji
kutafuta vijiti viwili vya mtandao amsalimu mama yake.

Mimi nataka iondoke na kila kitu chake,
maktaba, fonti, mpaka kalenda:
megabaiti mia mbili na kumi.
Anacheka. "Hiyo ni lumbesa, Atupele."

Neno hilo kwetu halitaniwi.
Baba aliuza gunia lenye kilemba,
viazi vimepanda juu ya mdomo, vimeshonewa wavu wa kamba,
likaitwa gunia moja, likalipwa gunia moja.
Ada yangu ilikuwa ndani ya kile kilemba.
Ndiyo maana niliandika programu hii,
na leo nimeshika sindano ileile.

Tunampigia karani wa Matamba, Bwana Mbilinyi.
Kompyuta yake? Ya mradi uliokwisha zamani, Windozi saba,
sola inampa saa nne, jua likipenda.
Mtandao? "Upo. Unakaa kwa mwalimu mkuu."
Nileteeni kwa flashi, anasema, dereva wa Kosta namfahamu.

Naweka simu chini. Lumbesa, nawaza,
ubaya wake si ukubwa, ni mgongo wa nani unaolipa.
Flashi haina mgongo.
"Sawa," anasema Ambakisye, "lakini maktaba moja ikipata tundu
utafumua magunia yote, ushone upya."
Hajakosea. Sina jibu, nina uzi.

Usiku tunafunga. Faili moja, bonyeza mara mbili.
Kando yake folda ya msimbo wote, wazi,
na leseni niliyoiandika kwa Kiswahili cha sokoni:
pika, panda, gawa, badilisha;
ukipata iliyo bora zaidi, usimfiche jirani mbegu.

Jumamosi simu inalia.
"Atupele, mashine inagoma. Inasema mchapishaji hajulikani,
inaniuliza kama niendelee."
Cheti cha kutufanya tujulikane kinauzwa kwa dola, kila mwaka;
tuliuliza bei, tukarudi nyuma taratibu
kama watu waliokosea mlango.
"Wewe unatujua?" nauliza.
"Wewe si binti wa Mwakalobo, yule wa magunia ya kilemba?"
"Ndiye mimi."
Kimya. Jogoo wa Matamba. Kisha mlio mdogo wa kubonyeza.
"Imefunguka," anasema. "Inataka kilo.
Mbona haina mahali pa kuandika gunia?"