Sekunde Saba

Mwaka jana nilikosa kwa sekunde saba.
Saa mbili na sekunde saba, ndivyo kilivyoandikwa
cheti ambacho Shigeo alikibandika chooni,
eti nikisome nikiwa nimetulia.
Nimekisoma. Mwaka mzima nimekisoma.

Tano nazijua zilikokwenda:
niliziacha kwenye meza za maji, nikiinama,
ahsanteni, ahsanteni, poleni na baridi,
maana mama hakunifunza kupokea kitu
nimesimama wima kama nguzo ya simu.
Mbili sizijui. Labda upepo.
Labda miaka hamsini na minne.

Leo nimeapa: siinami.

Februari, Marugame. Ngome iko juu ya mawe yake,
na mlima Iino umekaa kule kama kawa
lililofunika chakula cha mtu aliyechelewa kurudi.
Kwenye kiganja nimeandika kwa wino: tano na arobaini.
Dakika tano, sekunde arobaini, kila kilomita, basi.
Bastola inalia
na mlio wa viatu barabarani ni ule
wa mchele unaooshwa katika beseni kubwa.

Vijana wananipita. Wapite.
Mpishi anajua moto mkali wa mwanzo:
nje umeunguza, ndani bado kubichi.

Kilomita ya tisa, mashamba ya ngano changa,
nahesabu kama ninavyohesabu sahani.
Watoto mia sita na arobaini
hula saa sita na robo, si dakika moja zaidi.
Miaka ishirini na sita jikoni pale shuleni
supu yangu haijawahi kuchelewa.
Kwa nini basi nichelewe mimi?

Ya kumi na tano: kichomi,
chini ya mbavu za kulia, kama kijiti cha kulia tambi.
Na upepo unatoka baharini, unanisukuma kifuani
kama mlinzi wa benki.
Mbele yangu mtu mpana, fulana imeandikwa
Madaktari wa Meno, Sakaide.
Nauingia mgongo wake. Naukopa
kilomita mbili nzima bila kumwomba.
Nikijaribu kumpita, upepo unanirudisha;
narudi, nimenywea, mtoto nyuma ya kanga ya mamaye.

Ya kumi na nane. Wino umefutika kwa jasho.
Mezani kuna kijana mrefu, koti la shule ya juu,
kikombe amekishika kwa mikono miwili.
Masikio yale nayajua.
Haruma! Miaka sita alinificha karoti
chini ya bakuli, akidhani sioni.
"Manabe-san," ananiambia, "bado nazichukia."

Nikacheka. Pumzi zote nilizokuwa nimeziweka akiba
zikatoka kwa kicheko kimoja.
Nikainama.
Si kidogo. Mpaka maji yakanimwagikia viatuni.

Halafu nilikimbia, jamani. Mguu niponye,
si kwa kufukuzwa na simba, kwa kufukuzwa na saa.
Sikumbuki uwanja. Nakumbuka mpira mwekundu wa njia,
ulivyokuwa laini, nikaonea wivu wanaoukanyaga kila siku.

Saa mbili na sekunde tatu.

Shigeo ananifunika taulo. Hasemi kitu.
Anainua vidole vinne, anavitazama,
kama mtu anayekagua kama vyote ni vyake.
Nne nimeziondoa. Tatu zimebaki.
Moja, naapa, imo kwenye kikombe cha Haruma,
na siidai.

Kwenye foleni ya udoni, mvuke usoni,
magoti yakitetema kama kifuniko cha sufuria,
nyuma yangu amesimama daktari wa meno.
Namweleza deni langu la mgongo.
Anasema alisikia mtu akihema,
akadhani ni mkewe, ndiyo maana hakupunguza mwendo.
Tukainama wote wawili, vichwa vikakaribia kugongana,
na foleni ikasonga bila sisi.