Mualishi

Miaka arubaini Bi Zuwena alikuwa mualishi.
Kuze, Kibokoni, Mkanyageni,
mlango kwa mlango, karafuu mdomoni,
jina la bibi harusi ulimini.
Hakupika, hakupamba, hakupiga vugo.
Kazi yake kubisha, kusema, kuondoka,
na nyuma yake nyumba nzima huamka.

Leo amekaa mbele ya meza yangu, maabara ya Makadara,
karatasi ya damu mkononi:
seli nyeupe laki tatu
pale ambapo hata elfu kumi na moja ni nyingi.
"Nieleze, mwanangu. Usinisomee."

Basi nikamwambia:
ndani ya kila seli, Bi, mna ukoo wa waalishi.
Wanaitwa kinasi. Ni mamia, na kila mmoja ana mitaa yake.
Habari ikigonga ukutani, wa kwanza huipokea,
huchota chembe ya fosfati, mfano wa tone la hina,
humpaka wa pili. Wa pili hugutuka,
humpaka wa tatu,
hivyo hivyo hadi kwenye kiini
ambako neno huwa tendo:
kua,
gawanyika,
tulia,
kufa.

Na wapo wapitao nyuma wakiifuta hina ile,
maana harusi isiyokwisha si harusi.

"Na mimi?"

Wewe, kromosomu mbili zilikatika,
ya tisa na ya ishirini na mbili,
zikashonwa kombo, pindo la leso hii kwenye leso ile.
Pale mshononi akazaliwa mualishi asiye na kufuli.
Hangoji kutumwa. Usiku, mchana, yuabisha:
njooni, njooni!
Na wageni waja, wajaa uani, walala ngazini,
na bibi harusi hayupo.

Alicheka hadi akashika wengu.
"Namjua huyo. Kuze tulikuwa naye. Jina silitaji."

Kidonge hiki hakimuui, nikasema.
Huketi ndani ya kikombe chake, kikombe kikajaa,
akitia kidole haambulii hina.

"Kila siku?"
Kila siku.
"Mpaka lini?"
Nikaifuta lenzi ya darubini. Ilikuwa safi.

Akakunja karatasi mara nne, akaitia kifuani,
akatoka.
Kwenye benchi la nje nikamsikia
akimuuliza mwanamke asiyemjua, mwenye karatasi kama yake:
"Na wewe pia umealikwa?"