Gari Kipara

Aliyelimiliki kwanza ni kuku,
yule kishingo mweusi,
aliyetagia kiti cha nyuma tangu masika ya mwaka juzi
wala hakuna aliyemdai kadi.

Watoto wa Ifunda tuliliita Kipara:
Benzi isiyo na bati utosini,
turubai tu, limekunjamana kisogoni.

Bwana Stavro alipofunga shamba la tumbaku
alidaiwa na dereva wake miezi mitatu.
Akamtupia baba ufunguo: shika huu,
nitarudi na hela.
Baba akashika.
Alishika miaka thelathini na mmoja,
kisha akashika mama.

Turubai lilipooza alilitia viraka vya mifuko ya mbolea,
kwa sindano ya magunia na uzi wa katani.
Julai, baridi ikianza kukata masikio,
alilifunika blanketi la kijivu, lile zito,
sisi tukabanana watatu chini ya jepesi.
Nililionea wivu gari. Leo naweza kusema.

Ndipo mthamini wa magari ya kale akapiga simu kutoka Dar,
anaitwa Jivani: nafika kesho, msi—
mtandao ukakata.

Mama kusikia mgeni kesho
alichota ndoo sita bombani,
akakata mche wa sabuni, akachekecha majivu ya kusugulia vyuma,
akakesha na koroboi.
Asubuhi Kipara lilimeta kama sufuria ya harusi.

Jivani akashuka. Akatazama. Akashika kichwa.
"Mama, nani kaliosha?"
"Mimi, baba."
"Mama, umeosha milioni kumi."

Akatufafanulia polepole, kama anafundisha katekisimu,
kwamba wenye fedha zao hununua vumbi,
vumbi lisiloguswa, kutu yenye ushahidi,
hata mavi ya kuku, yakiwa ya siku nyingi;
kwamba gari la kufunua paa kama hili,
injini na bodi namba zake zikipatana,
hupanda bei likionekana lilisahauliwa.

"Halikusahauliwa," mama akasema,
akaenda kumtilia chai.

Kadi ilikuwa bado na jina la Stavro.
Miezi minane ya viapo na mihuri Iringa mjini,
hadi mjukuu wake akajibu kutoka Athene:
Babu hakuwahi kututajia gari.
Alimtaja dereva.

Mnada ukafanyika Gangilonga, ua wa hoteli, manyunyu.
Daktari wa meno wa Arusha.
Mama mmoja wa mbao kutoka Mafinga, buti zina matope.
Na mtu wa kwenye simu, ambaye hatukumwona,
aliyepandisha dau kwa kukohoa tu.
Dalali: sitini! sabini! themanini na tano, nani ana neno?
Watu wakipiga picha viraka vya mbolea,
wakivisifu kwa Kiingereza.
Mama akaninong'oneza: hiyo ni magunia mangapi ya mahindi?
Nikahesabu mpaka elfu moja na mia tano, nikaacha.

Nyundo ikagonga tisini na mbili.
Mkohozi ndiye aliyelipata.

Mezani mama aliomba kalamu
na karani akamwambia, wewe weka dole gumba tu.
"Najua kuandika. Ongeza mstari."
Mstari gani?
"Mshahara wa dereva Lazaro Mdemu, miezi mitatu,
shilingi mia tano arobaini.
Umelipwa leo."
Karani akamtazama Jivani.
Jivani akatazama viatu vyake, akasema: andika.
Zikatoka humo humo kwenye tisini na mbili,
hazikuongeza hata senti,
lakini mama alisoma mstari ule mara mbili
kabla ya kutia sahihi, herufi kwa herufi, Semkondya.

Tulirudi na giza.
Bandani pamebaki doa la oili, pana kama ungo,
na kishingo amelala juu yake
anatutazama kama sisi ndio tuliouza kitanda chake.

Mama akaenda ndani, akarudi na lile blanketi la kijivu,
akamfunika.
Julai ilikuwa imeshaingia.