Kabla ya Chai

Eduvigis huua kabla ya chai.
Nje upepo wa Punta Arenas unang'ang'ania mabati,
ndani yeye na shali la marehemu mamake,
kalamu ya risasi, na risiti kuukuu za dawa
anazoandikia mgongoni.
Daftari safi humtia kigugumizi.

Leo ni zamu ya mthamini wa sufu.
Jana alimpa sumu, usiku akamfufua:
kafa mapema mno, ukurasa wa pili,
msomaji hajawahi hata kumchukia!

Wasomi huziita riwaya pendwa
huku wamebinua midomo.
Na zipendwe.
Basi la Puerto Natales lina abiria mmoja
aliyepitiliza kituo chake kwa ajili ya sura ya sita.
Tuzo gani tena?

Saa tatu anafungua duka la dawa.
Mzee Evaristo aja na kikohozi chake,
amnong'oneza: "Muuaji nani?"
"Sijui bado," amjibu, akihesabu vidonge,
na kweli hajui,
mpaka aone mzee anavyoikunja noti:
mara nne, kwa ukucha, bila haraka.

Kutwa nzima kiganja kinamwasha,
na alfajiri iko mbali.